Kulegezewa masharti ya ujenzi Tanga: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Tanga, nyingi zikiwa za Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Mikanjuni. Wengi wanaonifuata hawana kiwanja kitupu. Wana nyumba tayari, familia imeongezeka, chumba kimoja kinahitajika, na kiwanja hakitoshi kwa vipimo vinavyotakiwa. Wengine huja wakiwa wameshapewa notisi mkononi. Nimekusanya maswali yao hapa ili mtu asome kabla hajaagiza tofali. Aliyeko Bagamoyo naye atakuta mengi yanayomhusu, na swali la Mji Mkongwe nimemwekea yeye.

Kiwanja nimekinunua kwa pesa yangu. Kwa nini niombe ruhusa ya kujenga ninavyotaka?

Ulichonunua ni haki ya kukitumia kwa muda na kwa masharti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hati yako inataja miaka, iwe 33, 66 au 99, kisha inataja masharti: matumizi ni makazi tu au makazi na biashara, michoro ipitishwe na halmashauri kabla ya kujenga, bikoni (alama za mpaka zilizosimikwa na mpima) zitunzwe. Watu hufungia hati kabatini miaka 20 bila kuyasoma hayo. Itoe leo uyasome.

Juu ya hati kuna mpango wa eneo zima. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka mtu awe na kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi ya mjini, na kwetu mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Ukitaka kujua kwa nini, pita mitaa iliyobanana usiku nyumba inapowaka moto. Gari la zimamoto linasimama barabarani, mipira inavutwa kwa mikono, kwa sababu kila mwenye nyumba alisogeza ukuta wake hatua moja tu.

Kulegezewa masharti ndiyo nini hasa?

Ni kuomba ukubaliwe jambo moja ambalo kanuni za kawaida zingekukatalia, kwa sababu ya hali ya kiwanja chako, huku mengine yote ukiyafuata. Mara nyingi jambo lenyewe ni nafasi ya kuacha kati ya jengo na mpaka, ambayo maofisa na mafundi wanaiita setibeki. Linaweza pia kuwa sehemu ya kiwanja inayofunikwa na jengo, idadi ya ghorofa, au urefu wa ukuta wa uzio.

Kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka au nyumba ya wageni ni jambo jingine. Huko ni kubadili matumizi ya ardhi, na kuna njia yake ambayo nimeieleza mbele. Watu wakichanganya haya mawili, faili hupelekwa meza isiyo yake na miezi inakatika bure.

Shemeji yangu yuko Marekani, anasema kule kuna bodi ya rufaa ya mambo haya. Hapa iko wapi?

Shemeji yako anasema kweli. Miji ya Marekani ilianza kugawa maeneo kwa matumizi mapema karne iliyopita, New York ikitangulia mwaka 1916 kwa kanuni za mji mzima, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya nchi yao ikakubali utaratibu huo katika kesi ya mji mdogo wa Euclid, Ohio. Wakajua mapema kwamba kanuni moja haiwezi kukienea kila kiwanja, kwa hiyo wakaweka bodi ya wakazi walioteuliwa. Mwenye nyumba anasimama mbele ya bodi hadharani, majirani wamepewa taarifa, na anatakiwa aonyeshe kwamba shida inatokana na kiwanja chenyewe na kwamba hakujiletea mwenyewe.

Kwetu usitafute ofisi yenye jina hilo. Ombi lako linaingia pamoja na maombi ya kibali cha ujenzi, linapitiwa na wataalamu wa halmashauri (mipango miji, ardhi, mhandisi, afya, zimamoto), na mambo makubwa yanafika kwenye kamati ya madiwani inayohusika na mipango miji na mazingira. Ila lile swali la kule, kwamba shida ni ya kiwanja au ni ya mtu, ndilo ninaloliona likiamua mambo hata hapa. Ukilielewa hilo, umeshajua barua yako iandikwe vipi.

Basi ni sababu zipi zinazosikilizwa?

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie.

Barua nyingi ninazoonyeshwa zinaanza na dhiki za mwenye nyumba: familia kubwa, mama mgonjwa, kipato kidogo, wapangaji wamehama. Namhurumia kila mmoja, lakini ofisa anayeisoma hana pa kuishika barua hiyo. Familia itapungua, nyumba itauzwa, na ukuta utabaki palepale miaka 50. Ndiyo maana wanaangalia ardhi.

Sema habari za kiwanja. Nitoe mifano ya aina ninazokutana nazo. Kiwanja cha Ngamiani kilichopimwa enzi za zamani, chembamba kuliko viwango vya sasa, kiasi kwamba ukiacha nafasi kamili pande zote mbili unabaki na ujia wa kulala mtu mmoja. Kiwanja cha kona ambacho kina barabara mbele na ubavuni, hivyo kinadaiwa nafasi ya mbele mara mbili wakati jirani yake anadaiwa mara moja. Kiwanja cha Raskazone kinachoshuka kuelekea baharini, sehemu ya nyuma haishiki msingi, na jengo halina budi kusogea mbele. Kiwanja chenye mfereji wa maji ya mvua uliokatiza katikati. Haya yanaonekana, yanapimika, na hata nyumba ikiuzwa mara tatu yatabaki kuwa kweli.

Baada ya hapo onyesha umejaribu. Michoro miwili ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa maneno: mmoja unaonyesha nyumba ikifuata masharti yote na jinsi inavyoshindikana, wa pili unaonyesha unachoomba. Omba kidogo kadiri inavyowezekana. Mtu anayeomba nusu mita upande mmoja, huku akiacha nafasi kamili pande tatu, anaonekana muungwana. Anayeomba kila upande anaonekana hataki kanuni kabisa.

Mwisho eleza jirani atalindwaje: maji ya paa yataelekea wapi, dirisha litakaa wapi, karo (shimo la maji machafu) litakuwa umbali gani na kisima. Nalisema hili kwa sababu nimeona maombi mazuri yakikwama kwa gata moja ambayo haikuchorwa.

Sababu isiyofaa kabisa ni “hata fulani amejenga hivyo.” Unaweza kumsababishia fulani notisi, nawe usipate kitu.

Nianzie wapi?

Anza kwenye bikoni. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa azitafute, kwa sababu viwanja vingi vya zamani bikoni zake zimefukiwa au zimeng’olewa na mafundi, na huwezi kuomba nusu mita kwenye mpaka usioujua. Nimewahi kuchora ombi zima, halafu mpima akaja tukagundua uzio wa jirani ndio ulioingia kwetu. Ombi halikuhitajika tena.

Kisha nenda kwa mtendaji wa mtaa ajue unachotaka kufanya, akupe barua ya utambulisho. Nenda idara ya mipango miji ukiwa na nakala ya hati au barua ya toleo, ramani ya upimaji, na risiti ya pango la ardhi la mwaka huu. Muulize ofisa kwa heshima swali moja: kiwanja namba hii, kitalu hiki, kinadaiwa nafasi gani kila upande? Andika anachokujibu na umwombe akuonyeshe kwenye kanuni. Viwango vinatofautiana kwa ukubwa wa kiwanja na msongamano wa eneo, na kanuni zilifanyiwa mabadiliko mwaka 2018, kwa hiyo usitegemee vipimo alivyopewa kaka yako alipojenga zamani.

Michoro ichorwe na mtu anayetambulika, na ikiwa ni ghorofa utahitaji pia michoro ya mhandisi wa miundo. Siku hizi maombi ya vibali yanaingizwa kwenye mfumo wa serikali wa Tausi. Barua ya kueleza ombi la kulegezewa iambatanishe humohumo, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Usiache ofisi yoyote bila muhuri huo.

Je, nilazimike kumwambia jirani? Hatusemezani.

Mwambie. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mtume mzee wa mtaa, shangazi au imamu mnayemheshimu nyote wawili.

Nyumba zetu za pwani zina adabu yake. Baraza mbele kwa wageni na mazungumzo, uani nyuma kwa kina mama, kupika, kufua na kuoga. Mtu akijenga ghorofa akafungua dirisha linalotazama uani kwa jirani, amemvunjia sitara, na hakuna kipimo cha mita kitakachomponya kwenye ugomvi huo. Nimeona watu waliokuwa wakipelekeana futari wakaishia kupelekana barazani kwa sababu ya dirisha la choo. Kwa hiyo kabla sijachora, huwa naomba kuingia uani kwa jirani, kwa ruhusa yake, nisimame nitazame juu. Naona kile atakachokiona yeye kila siku. Mara nyingi dirisha nalipandisha juu ya usawa wa macho, au naligeuza lielekee barabarani, na suala linaisha pale pale.

Mengine yanayowaudhi majirani ni maji ya paa yanayomwagikia kwao, ngazi ya nje inayopakana na chumba cha kulala, na uchochoro kufungwa. Uchochoro uuchunguze sana. Unaweza kuuona kama kiupenyo kisicho na mwenyewe, kumbe upo kwenye mchoro wa mipango miji kama njia, na jeneza la mtaa mzima linapita hapo. Huo hauombewi kulegezewa.

Jirani akikubali, aandike. Ajitaje, aeleze ameonyeshwa michoro ya tarehe fulani na hana pingamizi, atie saini mbele ya mtendaji. Kibali cha jirani hakiifungi halmashauri, wanaweza kukukatalia hata hivyo, lakini kinawaondolea hofu ya malalamiko. Na jirani akikataa, andika hoja zake kwa uaminifu ndani ya barua yako na uonyeshe umezijibu vipi kwenye mchoro. Usimfiche. Atafika tu ofisini.

Nataka kutoboa chumba cha mbele kiwe fremu ya duka. Hilo nalo ni kulegezewa?

Hapana, isipokuwa hati yako tayari inasema makazi na biashara. Ikiwa inasema makazi tu, unaomba kubadili matumizi. Maombi yanapitia halmashauri, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mamlaka za ardhi zinaidhinisha. Ukikubaliwa, masharti ya hati yanabadilika na pango la ardhi la kila mwaka linabadilika pia. Piga hesabu hiyo kabla ya kumwita fundi wa mageti, maana fremu moja ya vocha na sabuni inaweza isilipe tofauti.

Leseni ya biashara si ruhusa ya kubadili matumizi. Ni karatasi mbili za watu wawili.

Nyumba ni ya marehemu babu. Naweza kuomba?

Swali hili ni la Ngamiani nzima. Hati ina jina la babu, babu amefariki, baba amefariki, na wajukuu ndio wanaoishi. Halmashauri haiwezi kumpa kibali marehemu, wala haiwezi kumpa mjukuu mmoja kwa sababu ndiye mwenye pesa. Kikao cha ukoo kikae, kimpendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, kisha yeye ndiye aombe. Ninajua inachosha. Lakini anayejenga vyumba vinne kwenye nyumba ya urithi bila hatua hiyo anaweka fedha zake kwenye mali ya watu kumi, na siku ya kugawana atajikuta anadai tofali.

Kama eneo lenu halijawahi kupimwa, ulizeni kwanza habari za urasimishaji, yaani kupimiwa na kumilikishwa rasmi maeneo yaliyojengwa bila mpango. Hakuna setibeki ya kulegeza mahali ambapo mpaka haujachorwa.

Nimeshajenga, na sasa nimewekewa alama ya X. Nifanye nini?

Simamisha ujenzi siku hiyohiyo. Nasema hili kwanza kwa sababu wengi huongeza mafundi usiku ili wafike kwenye linta, wakiamini nyumba iliyoezekwa haivunjwi. Inavunjwa, na kila tofali uliloongeza baada ya notisi linakuwa ushahidi kwamba ulijua.

Soma notisi inasema nini: imetolewa na nani, kwa kosa gani, na umepewa siku ngapi. Alama ya X kwenye ukuta inaweza kuwa ya halmashauri, ya watu wa barabara, ya reli au ya mazingira, na kila mmoja ana njia yake. Jibu kwa maandishi ndani ya siku ulizopewa, hata kama jibu lenyewe ni kuomba muda wa kuleta michoro. Kisha leta ombi la kibali kwa jengo lilivyo, likiwa na vipimo vya kweli. Huenda wakakubali kwa masharti, mfano uvunje kibaraza ubaki na chumba, au uzibe dirisha. Huenda wakakataa kabisa.

Baba yangu alijenga jiko na vyumba viwili uani, ukuta ukiwa juu ya mpaka. Alikuwa ameuliza. Mtu mmoja aliyekuwa na wadhifa wakati ule alimwambia kwa mdomo, “jenga tu mzee, hakuna shida,” naye akaamini kwa sababu walikuwa wakiswali msikiti mmoja. Miaka ikapita, jirani akauza, mnunuzi akaleta mpima, na notisi ikaja. Tulipoulizwa karatasi hatukuwa nayo hata moja. Yule mtu alishahama. Tulivunja wenyewe, ili angalau tuokoe mabati na mbao, na mama alipikia chini ya mwembe msimu wote wa vuli. Nilikuwa kidato cha pili. Tangu hapo neno la mdomo silikubali, liwe limetoka kwa nani.

Kiwanja changu kiko ufukweni. Naweza kulegezewa zile mita 60?

Mita 60 hazimo kwenye kapu la setibeki. Zinatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa, na Sheria ya Ardhi nayo inahesabu ukingo wa maji hadi mita 60 kuwa ardhi hatarishi. Ofisa mipango miji hana mamlaka ya kukupunguzia. Ukiambiwa na dalali kwamba “hilo linaongeleka,” muulize mbona haongei yeye akajenga.

Wakazi wa Sahare na Raskazone wanajua bahari inavyokula ukingo. Na mwenye kiwanja kandokando ya Mto Sigi ajihesabu humohumo.

Na hifadhi ya barabara?

Vilevile. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 ndiyo inayotawala, na kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 60 kwa jumla, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Anayejenga kandokando ya barabara ya Segera, ya Horohoro au ya Pangani aende kwanza TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, na kwa barabara za mitaa aende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Ofisi hizo zikikuambia uko ndani, halmashauri haiwezi kukutoa.

Nalipa kodi ya jengo kila mwezi. Si maana yake serikali imelitambua?

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa unaponunua umeme kwa LUKU. Mashine inakata kwa sababu kuna mita, haijui kama ukuta wako uko juu ya mpaka. Risiti hizo zitunze kwa mambo mengine. Si kibali.

Jirani ameingia kwangu. Niende baraza gani?

Hapo tumetoka kwenye mipango tumeingia kwenye mgogoro wa ardhi. Anzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha, halikati tena kesi. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenyekiti anakaa na wazee wa baraza. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Mabaraza haya hayatoi vibali vya ujenzi. Mtu akishinda kesi ya mpaka dhidi ya jirani bado anatakiwa kuacha nafasi yake na kupeleka michoro kama wengine.

Niko Bagamoyo, nyumba yetu iko Mji Mkongwe. Utaratibu ni huohuo?

Kuna mlango wa ziada. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni eneo la hifadhi ya kihistoria, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo zaidi ya halmashauri ya wilaya unahitaji ridhaa ya wasimamizi wa mambo ya kale kabla ya kugusa ukuta, mlango au paa. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara na makao makuu ya kwanza ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na nyumba za mtaa zile za kawaida ndizo zinazoushikilia, si Boma na Caravanserai (nyumba ya kale ya kufikia misafara) peke yake.

Usianze kwa kuomba kubomoa. Anza kwa kuomba kutengeneza, na kile unachotaka kuongeza kiweke nyuma, uani, kisionekane barabarani. Halafu naomba jambo moja kwa moyo wote: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa msizipige plasta ya saruji. Kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia ndani, chumvi inakula jiwe, na baada ya misimu michache ukuta unamomonyoka, mwenye nyumba anasema nyumba imezeeka. Tafuta fundi wa chokaa. Wachache bado wapo, nao wanahitaji kazi ili vijana wajifunze.

Mwenye jengo la kale hapa Tanga mjini, zile roshani na madirisha ya mbao karibu na bandari, naye aulize kwanza kabla ya kubadili uso wa nyumba.

Ombi limekataliwa. Nina njia gani?

Omba kukataliwa huko kuwe kwa maandishi na kutaje sababu. Mara nyingi sababu ni ndogo na inarekebishika: karo liko karibu mno, hakuna sehemu ya gari, mchoro hauna vipimo. Rekebisha uwasilishe upya. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na watu wanaikosa kwa hasira.

Ukiona umeonewa, andika kwa mkurugenzi kuomba uamuzi upitiwe upya, nakala kwa diwani wako. Diwani hawezi kukupa kibali, ila anaweza kuuliza kwenye kikao kwa nini faili limelala. Ukitaka kwenda juu zaidi, wizarani au mahakamani, mwone wakili wiki hiyohiyo uliyopokea barua, maana siku zinahesabiwa. Mapitio ya mahakama dhidi ya uamuzi wa ofisi ya umma yanataka uombe ruhusa ndani ya miezi 6. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, na tangu mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe na kesi isikilizwe Mahakama Kuu. Kwa chumba kimoja cha uani, gharama hiyo ipime vizuri na familia.

Gharama je?

Kuna ada ya halmashauri, mpima, mchoraji, na mhandisi kama ni ghorofa. Ada ya serikali inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo tu, benki au kwa simu. Anayetaka pesa mkononi ili “asukume faili” ni kishoka, hata kama amekaa ndani ya ofisi.

Inachukua muda gani?

Inategemea vikao na ukamilifu wa faili lako. Lililokamilika linatembea. Usianze msingi ukisubiri.

Nimekubaliwa. Nini kinafuata?

Soma masharti ya kibali, na tarehe ya mwisho ya kukitumia. Nakala ya michoro iliyogongwa muhuri ikae kiwanjani muda wote, ndani ya mfuko wa nailoni, na fundi aonyeshwe kwa kidole ile nusu mita uliyopewa iko upande gani. Mwite mkaguzi msingi ukiwa bado wazi, kabla ya kumwaga zege, akapime na kusaini. Na jirani aje siku hiyo ya kupima, ashike ncha moja ya futi.